Mfuko wa Kuoza

Woga wa Somoe haukuwa wa kuazima. Alizaliwa nao, akakua nao, akaolewa nao. Mlango ukigongwa, kwanza alishika kifua, ndipo akauliza "Nani?" Gari la serikali likipita pale Likombe, hata kama limebeba madawati ya shule, yeye alikuwa ameshaingia ndani na komeo amelisukuma. Mkwewe, Bibi Hawa, aliyekuwa akiishi naye tangu Kassimu, mume wa Somoe, alipofariki, alimcheka waziwazi. "Wewe mwanangu, Izraili akija hatapata kazi. Atakukuta umeshakufa kwa kumngoja."

Sasa mtu mwoga namna hiyo alipataje jina mjini Mtwara? Kwa korosho, ndugu zangu. Viwanda vilipofungwa milango na korosho ghafi zikawa zinapakiwa melini na maganda yake, wanawake wengi walibaki na ujuzi mikononi. Somoe alikuwa mmojawao. Alichoma, akabangua, akamenya, akakaanga kwa chumvi na moto wa vifuu, na korosho zake zikatoka nyeupe zenye wekundu kidogo pembeni, kavu, zinazolia mdomoni.

Lakini kukaanga hata jirani yake alijua. Kilichomtofautisha Somoe ni namna alivyofunga. Alinunua nailoni nyembamba ile ya mirija, akaikata vipande, akatia korosho, akatia na kikaratasi kilichoandikwa KOROSHO ZA SOMOE, LIKOMBE, kisha akaubana mdomo wa nailoni kwenye kipande cha msumeno wa chuma na kuupitisha juu ya mshumaa. Tsss! Umefungwa. Hewa haiingii, na hewa ya Mtwara mnaijua wenyewe, chumvi inalowana kwenye kopo. Korosho za wenzake zilinywea zikawa kama maharage yaliyolala. Zake zilikaa hata mwezi. Basi miaka ikaenda, watu wakaacha kuuliza "Korosho zipo?" wakawa wanauliza "Za Somoe zipo?" Mwenye duka asipokuwa nazo, mteja anaondoka.

Jina hilo ndilo lililomlisha yeye na Bibi Hawa, na jina hilo ndilo alilokuwa akiliogopea kuliko kitu chochote. Mtoto akiumwa tumbo mtaa wa tatu, Somoe alikosa usingizi mpaka asikie kwamba alikula maembe mabichi.

Ndipo ukaja mwaka elfu mbili na sita, na gari la matangazo.

Lilipita asubuhi, spika juu, sauti inakwaruza. "Wananchi mnatangaziwa! Mifuko laini ya plastiki ni marufuku! Kuuza marufuku! Kutumia marufuku! Atakayekutwa nayo atachukuliwa hatua kali za kisheria!" Somoe alikuwa na mshumaa mkononi. Aliupuliza upesi, akakaa gizani chumbani kwake mchana kweupe, jasho jembamba likimtoka.

Mtaani hakuna aliyeelewa vizuri. Wengine walisema iliyokatazwa ni ile ya rambo tu, ya kubebea vitu dukani. Wengine wakasema hapana, ni zote, hata za barafu na za ubuyu. Mwingine akaapa kwamba kule Mtawanya mama mmoja muuza karanga amepakiwa kwenye gari na beseni lake. Je, alimwona? Hakumwona, ameambiwa. Lakini Somoe alimwona! Alimwona muuza karanga yule kila alipofumba macho, na sura ilikuwa yake mwenyewe. Mabunda yake ya nailoni akayachukua, akayafukia ndani ya pipa la makopa, chini kabisa, muhogo mkavu juu.

Kata ikaitisha mkutano. Bwana Afya wao, kijana mpole aitwaye Andrea, aliyekuwa na mazoea ya kuwaamkia wazee mpaka wale wasiomwitikia, akaeleza kwa utulivu. Plastiki haiozi. Inaziba mitaro, mbuzi wanakufa nayo tumboni, ukilima unaikuta. Vifungashio vinavyotakiwa sasa ni vile vinavyooza, kama karatasi za kaki, majani, ukindu. Kitu kikitupwa, kirudi kuwa udongo.

"Na ninyi wenye bidhaa zenye majina," akasema, akimtazama Somoe kwa tabasamu, "pigeni muhuri kwa nje, muandike kwamba huu ni mfuko unaooza. Mkaguzi akipita anajua, na mteja anajua. Bi Somoe, wewe ukianza, wenzako watafuata."

Kuanza! Yeye! Akajificha nyuma ya mgongo wa jirani yake pale kwenye benchi.

Alijaribu, na Mungu shahidi, alijaribu kwa nia safi. Alinunua kaki, akakunja vifuko, akavigandisha kwa uji wa muhogo, akatia korosho. Asubuhi zilikuwa nzuri. Alasiri zimelegea. Kesho yake mwenye duka mmoja akamrudishia mzigo wote na maneno juu. "Dada Somoe, hizi umekaanga au umechemsha?" Siku hiyo Somoe hakula. Kama mambo ni hivi, alijiambia, mwezi huu hautaisha jina langu halijafa.

Hapo ndipo mkono wake ulipoingia kwenye pipa la makopa.

Ujanja wenyewe ulikuwa mdogo, asiyefungua asingeugundua, na aliyefungua akakuta korosho kavu hakuwa na haja ya kumshtaki. Korosho kwenye nailoni, kikaratasi cha jina ndani kama kawaida, maana mkono ulishazoea, mdomo kwenye msumeno, mshumaa, tsss! Kisha furushi lote linaingia ndani ya kifuko cha kaki, kinabandikwa juu kwa uji wa muhogo. Nje kaki, ndani nailoni. Nje sheria, ndani jela. Kila alipofunga kimoja alisoma istighfari, halafu akafunga kingine.

Muhuri alichongewa na Americo, Mmakonde mchonga vinyago, kwenye soli ya ndala chakavu. Americo akauliza maneno gani. Somoe akakumbuka alivyosema Bwana Afya, mfuko unaooza, moyo ukamkataa. Nani atanunua chakula kwenye mfuko unaooza? Si watadhani unaoza sasa hivi, na korosho zinaoza nao? Akatafuta neno la upole zaidi.

"Andika: SOMOE, MFUKO WA KUOZA," akasema.

Americo akachonga. Mkato wa katikati hakuuchonga, soli haikuwa na nafasi, maneno yakaungana.

Wa kwanza kuligundua kosa hilo ni Bibi Hawa, na yeye hata kusoma hajui. Msichana wa jirani alimsomea muhuri barazani, neno kwa neno. Bibi Hawa akaangua kicheko mpaka ugoro ukamwagika.

"Haya makubwa! Mkwe wangu kawa somo! Somo mwenye mfuko wa kuoza! Unamwoza nani, mwanangu?"

"Kuoza kwa kuoza, mama. Kuharibika."

"Kuoza ni kuoza binti. Hilo jingine nani ataliandika kwenye chakula?"

Na kweli, nani? Mwanamke wa pwani ya kusini akisikia somo, anamjua ni yule mama anayemfunda mwali na kumpeleka kwa mume. Akiona Somoe, yaani somo wake, na kuoza vimeandikwa pamoja, na ndani kuna kitu cheupe kitamu, atafikiri nini tena? Mzaha wa Bibi Hawa ulitoka barazani ukaenda kisimani, kutoka kisimani ukaenda sokoni, na huko ukaacha kuwa mzaha. Ikasemwa kwamba Somoe wa Likombe ana mfuko. Ukimpa binti aliyechelewa, anaposwa. Akina mama wakaanza kuja wenyewe nyumbani, wakinong'ona, wakichagua vifuko ambavyo muhuri wake haukufutika.

Somoe aliogopa, tena aliogopa mno. Lakini aogope lipi? Akisema "jamani, maana yake kuharibika," ameua korosho zake. Akieleza zaidi, mtu atafungua kaki apeleke habari kata. Akanyamaza. Nami nasema, kunyamaza kule hakukuwa kwa hila, ilikuwa ni ule woga wake tu umefunga mdomo.

Siku moja Andrea mwenyewe alisimama mbele ya meza yake. Alichukua kifuko, akakigeuza, akausoma muhuri kwa furaha, kisha akakibinya. Ndani kikalia, krrr, ile sauti ya nailoni ambayo hata kiziwi anaijua. Damu ilimwisha Somoe usoni.

"Korosho zako kavu kweli, Bi Somoe," alisema Andrea. "Zinalia."

"Zinalia, baba," akajibu, akivipanga upya vifuko vilivyobaki.

"Hiki nakipeleka ofisini, nakiweka mezani kwangu wageni wakione." Akaondoka nacho bila kukifungua. Somoe akakusanya biashara, akarudi nyumbani kabla ya adhuhuri, akajifunika kanga gubigubi. Tangu siku ile alikuwa akikiwaza kile kifuko juu ya meza ile, kila mgeni anakishika, na hakuna hata mmoja mwenye njaa ya kukifungua.

Kati ya wanawake waliokuja kununua nyumbani alikuwamo Hadija, mama wa Mariamu, wa nyumba za chini karibu na minazi. Mariamu alikuwa binti mzuri, mcheshi, ila posa zilikuwa zinafika mlangoni zinageuka. Hadija alichukua kifuko kimoja. Haukupita muda Shafii, kijana mwenye biashara ya kuvusha nguo mtoni Kilambo, mpakani na Msumbiji, akaleta posa, na ndoa ikafungwa. Likombe nzima ikasema si mnaona! Hadija kwa furaha akafanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Kifuko chake hakukifungua. Alikifukia chini ya kizingiti cha nyumba ya mwanawe, ili ndoa ikae.

Masika ikanyesha, ikapita. Siku moja Shafii akavuka mto kwa biashara zake, na huko ng'ambo akatuma neno kwamba harudi, Mariamu ana talaka yake. Hivyo tu. Mariamu akakaa sakafuni akalia mpaka sauti ikamkauka, na mama yake akachukua jembe akaenda kizingitini.

Alitegemea kukuta nini? Labda mchwa, labda udongo mtupu. Kaki ilikuwa imekwisha, kweli imeoza, haikubaki hata harufu. Lakini katikati ya ule udongo mweusi kilikuwamo kitu kinang'aa. Nailoni, imezibwa mdomo, na ndani korosho nyeupe kavu, nzima, kama zimekaangwa jana, masika yote haikuzigusa. Na katikati ya korosho, kikaratasi chenye jina la mtu.

Nyie, hebu jiwekeni mahali pa Hadija. Karatasi yenye jina, imefungwa ndani ya nailoni, imetoka chini ya kizingiti cha binti aliyeachwa. Nani asiyejua hirizi ilivyo? Hata aliyewahi kula za Somoe, kwa hofu ile, hakuikumbuka nailoni ya siku zote.

Ilikuwa mchana, watu wametoka kuswali adhuhuri. Somoe alikuwa uani anamenya korosho aliposikia kelele zinapanda na njia. Alijua ni zake kabla hajasikia jina. Alikimbilia ndani, akakomea, akambana Bibi Hawa mkono. Kupitia ufa wa mlango aliwaona wanawake wamejitanda kanga viunoni, wanaume nyuma yao, na mbele kabisa Hadija kabeba ungo. Juu ya ungo kile kitu. Hakuna aliyethubutu kukigusa kwa mkono.

"Toka nje, mchawi wee! Toka utueleze ulichomfanyia mwanangu!"

Harufu ya mafuta ya taa ikamfikia. Mtu alikuwa na dumu. Bibi Hawa, yule mcheshi, hakucheka tena.

Kisha akasikia sauti anayoijua. Andrea! Kundi lilipita mbele ya ofisi ya kata, mtendaji hakuwepo, akatoka yeye mbio akawafuata, na sasa alikuwa amesimama mbele ya mlango, mgongo wake umeziba ule ufa.

"Jamani, jamani, tusikilizane! Huyu mama ni mfano wa kata nzima. Huyu ndiye wa kwanza kufuata sheria. Mfuko wake uko mezani kwangu. Mchawi gani anayefuata sheria?"

Maneno yale yalimchoma Somoe kuliko matusi. Maisha yake yote aliogopa vitu kimoja kimoja. Siku ile vilimjia viwili kwa pamoja, moto na jela, na aliyekuwa akimkinga na moto ndiye mwenye funguo za jela. Alisimama na mkono juu ya komeo. Mkono haukutaka. Akauvuta kwa mkono mwingine.

Mlango ulipofunguka kelele zilipanda.

"Si hirizi," alisema. Hawakumsikia. Akapiga ukelele uliomshtua mwenyewe. "Si hirizi! Ni nailoni! Ile mliyoikataza, Bwana Afya! Naitia ndani ya kaki. Kila mfuko. Tangu mwanzo, kila mfuko!"

Andrea akageuka akamtazama.

"Anatudanganya!" akapiga kelele mwenye dumu. "Kitu gani kinakaa ardhini masika nzima hakiozi?"

"Nailoni!" Somoe alikuwa analia sasa. "Ndiyo iliyotangazwa kwenye spika! Haiozi! Si mlisikia? Haiozi!"

Akaingia ndani, akalipindua pipa la makopa, akatoka na bunda lote mikononi, na mshumaa, na kipande chake cha msumeno. Akachuchumaa pale pale mlangoni. Kiberiti kilimzimikia mara ya kwanza, kikamzimikia tena, upepo wa bahari unapiga. Bibi Hawa akaja nyuma yake, akatandaza kanga yake kuukinga moto. Somoe akakata nailoni, akatia korosho alizokuwa akizimenya, akatia kikaratasi cha jina lake, akabana mdomo, akapitisha. Tsss! Akampa Hadija.

Hadija aliviweka viwili sambamba kwenye ungo, cha leo na cha kizingitini. Vilikuwa kitu kimoja. Somoe akakichukua kile cha kizingitini, akakichana pembeni kwa meno, akatoa korosho akala mbele yao. Walimsikia akitafuna.

"Ile kuoza ni kuharibika," akasema, machozi na korosho mdomoni. "Mfuko wa kuharibika. Niliogopa kuandika vile nikaandika hivi. Hamna dawa. Hamna kitu. Ni korosho."

Mwenye dumu aliliweka chini. Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo, akaacha alipoona hakuna anayecheka naye. Hadija alikuwa bado ameshika ungo, anautazama.

"Kwa hiyo mwanangu kaachwa tu?" aliuliza. "Bure? Bila mtu kumfanyia kitu?"

Hadija akakaa chini kwenye mchanga na ungo wake mapajani, na wanawake waliokuja kumchoma Somoe wakakaa naye.

Andrea alilikusanya bunda la nailoni, taratibu, bila hasira. Bora angefoka. "Wageni wangu wote niliwaonyesha mfuko wako, mama," alisema tu. "Kesho njoo ofisini."

Alikwenda. Hakulala jela, ingawa usiku ule alishaaga kila kitu kilichomo ndani ya nyumba, mpaka kinu. Ofisi ya kata iliamua asimame sokoni mbele ya wafanyabiashara wenzake, aeleze kwa mdomo wake alichofanya, ili wengine wasijaribu. Alieleza. Alieleza yote, nailoni, kaki, mshumaa, pipa la makopa. Kabla hajafika nyumbani watoto wa njiani walikuwa wameshampa jina.

Siku hizi anakaanga kabla ya jua, anafunga kwenye kaki tupu, vifuko vidogo vya kula siku hiyohiyo, na saa nane mchana anainuka, maana baada ya hapo zinalegea na hauzi kilicholegea. Muhuri wa ndala aliutia motoni. Wateja wapo, hata Hadija hununua. Wanasimama mbele ya meza wanasema, "Nipe za leo, Bi Nailoni." Hawamtukani, ndilo jina lake sasa, na wageni hawajui kama aliwahi kuwa na jingine. Aliyebaki akimwita Somoe alikuwa Bibi Hawa peke yake, naye tulimzika masika iliyofuata.

Kile kifuko cha kizingitini hakuna aliyetaka kukichukua siku ile, hata Andrea alikiruka. Kiko juu ya kabati la Bi Nailoni, korosho zimekwisha, kimebaki kikaratasi cha jina ndani yake. Akifuta vumbi, kinasomeka.